Kozi ya Mtandaoni Inagharimu Nini Ukiwa Muleba?

Kabla mwanafunzi hajaandika hata mstari mmoja wa msimbo, kozi humwagiza apakue Android Studio. Faili lenyewe linazidi GB moja. Likishawekwa kwenye kompyuta linaanza kudai mengine: vifaa vya toleo hili la Android, maktaba zile, na Gradle, karani wa kuunganisha vipande vya programu, ambaye siku ya kwanza huvuta vyake mtandaoni bila kuomba ruhusa. Mwalimu kwenye video anasema tu kwamba hatua hii huchukua dakika chache, picha inakatwa, na ikirudi kila kitu kipo tayari. Kwa mtu wa Bukoba mjini mwenye rafiki ofisini kwenye intaneti ya waya, hiyo ni kazi ya jioni moja. Kwa mtu wa Nshamba au Kamachumu, wilayani Muleba, anayeishi kwa bando la simu, ni kazi ya kuamka usiku wa manane siku kadhaa, maana usiku ndipo vifurushi vinaposhuka bei. Wa kisiwani Bumbire atapanda boti na laptop ikiwa imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni.

Kujifunza kutengeneza programu za simu kwa njia ya mtandao kumekuwa tamaa ya vijana wengi wa Kagera, kama wazazi wao walivyotamani kuitwa kusoma sekondari za Ihungo au Rugambwa. Kozi zipo tele, nyingine bure kabisa, na vyeti vipo. Ninachouliza ni kitu gani hasa kinanunuliwa pale, kwa gharama zipi ambazo tangazo haliziandiki, na nani wa huku atalipia kitakachotengenezwa. Kozi zenyewe sina ugomvi nazo. Shaka yangu iko kwenye cheti, na zaidi kwenye soko ambalo kozi humwonyesha mwanafunzi.

Tuanze na mashine. Google inataka kompyuta yenye RAM isiyopungua GB 8 kwa Android Studio, na zaidi ya hapo ukitaka kuendesha ile simu ya bandia inayoonekana kwenye kioo cha kompyuta. Laptop za mtumba zenye bei ya kushikika nyingi zina GB 4. Kijana ananunua ya laki kadhaa kwa pesa za kuunga, anaifungua, inaunguruma kama mashine ya kusaga, kisha inaganda. Wengi huishia hapo na kujiona hawana akili ya kompyuta, kumbe tatizo ni kumbukumbu ya mashine. Fundi mzuri wa Bukoba anaweza kuongeza RAM kwenye laptop nyingi za zamani kwa gharama ndogo kuliko kununua nyingine. Ile simu ya bandia nayo ina njia ya mkato: waya wa USB na simu yako mwenyewe. Unawasha hali ya msanidi kwenye Tecno au Itel yako, unaichomeka, programu inafungukia humo. Wala hii si njia ya maskini ya kubana matumizi. Programu iliyozaliwa kwenye simu ya bei ya chini itatembea kokote, lakini iliyolelewa kwenye mfano wa simu ya kifahari itakwama siku ya kwanza mikononi mwa mteja.

Asiye na kompyuta yake mwenyewe hajafungiwa mlango. MIT App Inventor, iliyoanzia Google mwaka 2010 kabla ya kuhamia chuo hicho cha Marekani, hutumia vipande vya rangi vinavyopangwa kama matofali, na hufanya kazi ndani ya kivinjari. Kwa shule ya sekondari yenye chumba cha kompyuta chache na kongwe ningeanza na hiyo, Kotlin ikafuata baadaye. (Kotlin, lugha ambayo Google iliikubali rasmi kwa Android mwaka 2017, imepewa jina la kisiwa karibu na mji wa St. Petersburg. Watu wa visiwa vyetu vya Ikuza na Goziba wana haki ya kuuliza zamu yao lini.)

Umeme na mtandao navyo vina historia yake huku. Kwa miaka mingi Kagera haikuwa kwenye gridi ya taifa. Umeme wake ulivuka mpaka kutoka Masaka, Uganda, hadi Kyaka. Bwawa la Rusumo lenye megawati 80, ambalo Tanzania inagawana na Rwanda na Burundi, limeongeza matumaini, lakini mtu anayeandika programu bado anajifunza mapema kuhifadhi kazi kila baada ya dakika mbili. Mkongo wa Taifa unapita mkoani hadi Mutukula, na minara imeongezeka: mwaka 2023 serikali ilisaini ujenzi wa minara 758 vijijini nchi nzima kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Hata hivyo uzi ni mwembamba. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na nchi ikasota. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Mfumo wa kozi wenye tarehe ya mwisho ya kukusanya zoezi haujui habari hizo. Unaandika tu kwamba mwanafunzi amechelewa.

Kusoma kwa mbali kwenyewe si kugeni kwetu. Mapema miaka ya 1970 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa ikiendesha masomo kwa njia ya posta, na Chuo Kikuu Huria kilichoanzishwa mwaka 1992 kina kituo Bukoba. Mwanafunzi wa posta alipokea kijitabu, akajibu maswali kwa kalamu, akafunga bahasha, akasubiri. Kusubiri kulichosha, lakini upande wa pili kulikuwa na mtu mwenye wino mwekundu aliyesoma makosa yake na kuyaandikia maelezo. Kozi kubwa za mtandaoni zimeondoa kusubiri, na yule mtu zimemwondoa pia. Makosa yako yanasahihishwa na mashine, au na mwanafunzi mwenzako wa nchi nyingine anayetaka kumaliza haraka kama wewe.

Matokeo yanapimika. Watafiti wawili, Justin Reich na José Ruipérez-Valiente, walichapisha mwaka 2019 katika jarida la Science hesabu za kozi za mtandaoni za MIT na Harvard. Katika mwaka wa masomo 2017–18, kati ya wote waliojiandikisha, waliomaliza walikuwa asilimia 3.13. Kati ya waliolipia ili wathibitishwe na kupewa cheti, waliomaliza walikuwa asilimia 46. Mtu anaweza kudhani pesa ndiyo dawa. Mimi naona pesa ilikuwa ikipima jambo jingine: nani alikuwa na sababu, muda, na mahali pa kukaa. Watafiti hao walionyesha pia kwamba wengi wa wanafunzi walitoka nchi zilizoendelea. Kwa maneno mengine, mlango ulifunguliwa kwa wote, wakaingia zaidi waliokuwa tayari barazani.

Sasa cheti. Neno hili limebeba mizigo miwili tofauti. Kwa mzazi wa Muleba cheti ni karatasi ya serikali: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha chuo kinachotambuliwa na baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, na kupangwa kwenye ngazi zake za tuzo, NTA. Ukikipoteza unakwenda polisi kuandikisha taarifa. Cheti cha Meta cha utengenezaji wa programu za Android kilichoko Coursera, mfululizo wa kozi 12, ni kitu cha namna nyingine: ni kampuni inashuhudia kwamba umemaliza masomo yake. Hakimo kwenye ngazi za NTA, Bodi ya Mikopo haikikopeshi, na tangazo la ajira serikalini linalodai stashahada halitakipokea badala yake. Sisemi ni karatasi tupu. Mwajiri binafsi wa Dar es Salaam, Nairobi au Kigali anaweza kukiangalia. Lakini atakiangalia kwa sekunde, kisha ataomba uonyeshe ulichotengeneza, na ukijibu kwa miradi ileile ya kozi, ile programu ya mgahawa wenye chakula cha Mediterania ambayo kila mhitimu anayo, mazungumzo yamekwisha.

Bei ya kawaida ya vyeti hivyo huko Marekani ni kama dola 49 kwa mwezi, na muda ukirefuka malipo yanarefuka nao. Ipo fomu ya kuomba msaada wa ada, na wengi hawaijui. Kwa upande mwingine, kozi ya Google yenyewe, Android Basics with Compose, ni ya bure tangu mwanzo hadi mwisho. Na CS50 ya Harvard inayofundishwa na David Malan nayo haitozi anayetaka kujua tu. Ndiyo maana nikiulizwa na kijana mwenye laki tatu mkononi, simwambii alipie cheti. Namwambia aongeze RAM, anunue betri ya akiba, na kinachobaki kiwe bando.

Lugha nitaipitia haraka. Msimbo una maneno machache ya Kiingereza na hayo hujifunzwa kwa mazoea. Kazi iko kwenye maelezo ya makosa. Mtu aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, nyumbani akazungumza Kihaya, sekondari akakariri Kiingereza cha mtihani, anakutana na sentensi nyekundu yenye mistari arobaini na hajui ni mstari upi unaomhusu. Hapo ndipo mtu wa pembeni yako anapokuwa na thamani kuliko video kumi. Tangu mwisho wa 2022, ilipotoka ChatGPT, kazi hiyo ya mtu wa pembeni imeanza kushikwa na mashine, na kwa Kiswahili kinachoeleweka. Ni msaada mkubwa, na unakuja na bili yake: mashine inayoeleza kosa inaweza pia kuandika zoezi zima, na cheti kilichopatikana hivyo kinazidi kupungua uzito mezani kwa mwajiri, ambaye analijua hilo.

Nifike kwenye soko, kwa sababu hapa ndipo kozi zinapopotosha zaidi bila kukusudia. Picha wanayochora ni hii: unatengeneza programu, unaiweka kwenye duka la Google Play, dunia inapakua, pesa inaingia. Tanzania imetoa mfano unaofundisha vizuri kuliko picha hiyo. Nala, iliyoanzishwa na Benjamin Fernandes, ilianza kama programu ya simu janja iliyotuma pesa bila bando, kwa kupitisha maombi kwenye zile menyu za nyota na reli ambazo kila mtu anazijua. Ilisifiwa na kushinda tuzo. Baadaye kampuni iligeukia biashara ya kutuma pesa kutoka Ulaya na Marekani kuja Afrika, maana huko ndiko walikokuwa walipaji. Ubunifu ulitokana na hali ya mtandao wetu. Mapato yakatoka kwa mtu aliye mbali na mtandao wetu. Kijana wa Muleba afikirie hilo kabla ya kuhesabu vifaranga.

Wengi wa wanaoweza kunufaika na programu huku wana kiswaswadu, au wana simu janja isiyo na bando siku nne kwa wiki. Wizara ya Kilimo inalijua: huduma ya M-Kilimo inapatikana kwa *152*00#, na simu ya batani inaipata. Hivyo programu yenye faida Kagera si lazima itumiwe na watu wengi. Inaweza kutumiwa na mtu mmoja.

Mtu huyo ni karani wa chama cha msingi cha ushirika. Kagera ndiyo kitovu cha kahawa ya robusta nchini, na ushirika wake una mizizi: chama kikuu cha leo, KCU, kinatokana na umoja ulioundwa Bukoba mwaka 1950. Msimu ukifunguliwa katikati ya mwaka, wakulima huleta maganda kwenye ghala la chama, mizani inapima, karani anaandika kwenye daftari: jina, kilo, tarehe, malipo ya awali, kinachodaiwa. Daftari likilowa, au karani akihama, mabishano hayaishi. Programu moja kwenye simu ya karani inayohifadhi rekodi hizo, inayomtumia mkulima ujumbe mfupi wa kilo zake papo hapo, ingewahudumia mamia ya watu ambao hawataifungua maisha yao yote. Mkulima anaupokea ujumbe kwenye kiswaswadu, anampa mjukuu amsomee, na siku ya malipo ana ushahidi wake mfukoni.

Kiufundi programu hiyo inahitaji jambo moja kuliko yote: kuandika bila mtandao, kisha kupeleka rekodi mtandao ukipatikana. Kwenye kozi ya bure ya Google niliyoitaja, yenye sehemu 8, kuunganisha programu na intaneti kunafundishwa sehemu ya 5, kuhifadhi data ndani ya simu sehemu ya 6, na kazi zinazojiendesha zenyewe nyuma ya pazia sehemu ya 7. Mpangilio huo una mantiki kwa mtu ambaye mtandao kwake ni kama hewa. Kwa Muleba ningeugeuza: hifadhi kwanza, mtandao baadaye. Na kwa kuwa wengi huacha kabla ya katikati, wanaondoka bila ile sehemu hasa ambayo kazi ya nyumbani ingeidai.

Kuna kishawishi kingine ambacho nimekiona kwenye mawazo mengi ya vijana, nacho ni butura. Butura ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya dhiki, kwa mlanguzi anayesubiri ivunwe. Imekatazwa mara nyingi na haijafa. Mwanafunzi aliyemaliza kozi anatangaza kwamba atamaliza butura kwa programu inayomkutanisha mkulima na mnunuzi na kumwonyesha bei ya soko. Lakini mkulima anayefanya butura bei anaijua. Ana mgonjwa hospitalini Rubya, au Januari imefika na watoto wanadai sare na michango, na kahawa itaiva miezi mitano mbele. Tatizo lake ni pesa ya leo, na programu haina pesa. Kinachoweza kusaidia ni rekodi: misimu mitatu ya kilo zilizoandikwa vizuri ni kitu ambacho Saccos au benki inaweza kukikopeshea. Tunarudi palepale, kwa karani na daftari lake.

Nimewahi kusikia hoja kwamba mawazo haya ni madogo mno, na kwamba vijana waote makubwa, kama kutambua magonjwa ya mimea kwa kamera. Hayo nayo yapo, na yanafundisha. Mnyauko bakteria wa migomba ulithibitishwa Kagera mwaka 2006 na uliharibu vibanja vingi. Mwaka 2019 ilitoka programu iitwayo Tumaini, inayotambua ugonjwa huo na mengine ya migomba kwa picha. Ilifundishwa kwa picha zaidi ya 18,000 na kujaribiwa Kolombia, Kongo, India, Benin, China na Uganda. Ndugu yake wa mihogo, Nuru, wa PlantVillage na IITA, anafanya kazi bila mtandao na anazungumza Kiswahili, na sehemu ya picha zilizoanzisha kazi hiyo zilipigwa hapahapa Tanzania. Nyuma ya kila moja kuna wanasayansi wa mimea waliokaa shambani muda mrefu wakibishana jani lipi ni gonjwa. Kuandika msimbo ilikuwa sehemu ndogo. Na hata simu ikishatamka mnyauko, mkulima bado anahitaji kuambiwa ang'oe shina gonjwa, aondoe ua dume kwa mti wenye panda badala ya panga, na apitishe panga kwenye moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Hayo yanajulikana kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Maruku, safari fupi kutoka Bukoba. Kijana anayetaka makubwa angeanzia mlangoni pale na daftari, kuomba kufuatana na bwana shamba wiki mbili.

Taasisi za mkoa zinaweza kurejesha yule mtu wa wino mwekundu. Chuo cha VETA kule Burugo, kilichojengwa kwa msaada wa China, na tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam la Itahwa, vina au vitakuwa na vitu viwili ambavyo kozi haina: chumba chenye umeme wa uhakika na watu wanaoonana uso kwa uso. Wakuu wake hawana haja ya kutunga mtaala mpya. Wachukue kozi ya bure iliyopo, waipakue mara moja kwa ajili ya wote, wafungue chumba jioni, na wamweke fundi mmoja wa kujibu maswali. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ambayo vijana wamepangiwa asilimia 4, inaweza kununulia kikundi laptop tatu nzuri kuliko kumi mbovu. Ningeangalia pia kaskazini. Kutoka Bukoba hadi Kampala ni takriban kilomita 300; Dar es Salaam ni zaidi ya 1,300. Makerere, ambako watafiti wamekuwa wakifundisha simu kutambua magonjwa ya mihogo kwa miaka, ni jirani wa karibu kuliko kituo cha ubunifu cha Buni Hub, Kijitonyama, Dar es Salaam, ila mazoea ya kusafiri yanatuelekeza kinyume.

Jambo la sheria lisisahaulike, kwa sababu kozi za ng'ambo haziligusi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Anayekusanya majina, namba za simu na kilo za wakulima anakusanya taarifa za watu, na anapaswa kujisajili kwa Tume inayosimamia sheria hiyo na kueleza anazitumiaje. Chama cha msingi kitauliza, kisipouliza, kimezembea.

Halafu inakuja siku ya kuiweka programu dukani. Google hutoza dola 25 mara moja tu, na kadi ya mtandaoni inayofunguliwa ndani ya huduma ya pesa za simu inaweza kuzilipa. Lakini kwa akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 kuna sharti jingine: programu ijaribiwe kwanza na watu wasiopungua 12, kwa siku 14 mfululizo. Mwanzoni walikuwa 20; idadi ilipunguzwa Desemba 2024. Vijana hulalamika sana juu ya sharti hili, na makundi ya WhatsApp ya kubadilishana wajaribu na wageni wa India na Nigeria yamejaa.

Huku Muleba kuwapata watu 12 kuna ugumu wa aina yake. Wengi hawajui nywila ya akaunti yao ya Google, kwa sababu walifunguliwa na muuza simu siku waliyonunua, na yeye ameshasahau. Inabidi uende na kila mmoja hatua kwa hatua: karani wa chama, mke wa mchungaji mwenye duka la dawa, mwalimu wa hesabu, kijana wa bodaboda anayeandika madeni kwenye kiganja, mama wa dagaa. Unawafungulia akaunti upya, nywila wanaiandika nyuma ya kadi ya kliniki. Unakaa, unatafuna kahawa ya akamwani unayokaribishwa, unatazama vidole vyao vinapokosea kitufe ulichodhani kinaonekana. Siku ya tisa mmoja anakuuliza kwa nini programu yako inataka mtandao ili kuonyesha jambo aliloliandika yeye mwenyewe jana.